Panya Ndani ya Nyumba: Anza na Tundu, Usianze na Sumu

Kila mwaka baridi inapoingia, mwezi wa Oktoba na Novemba, familia hutuletea swali lilelile: usiku tunasikia kitu kinakwaruza nyuma ya jiko, asubuhi tunakuta mfuko wa mchele umetobolewa, tufanye nini? Wengine huwa wameshanunua sumu kabla ya kuuliza. Wengine wamekaa kimya kwa wiki nyingi, wakiogopa kwamba mwenye nyumba atawaita wachafu au atawatoa.

Jibu fupi ni hili. Panya huondoka nyumbani akikosa tundu la kupitia na chakula cha kula. Ukiua kumi na tundu likabaki wazi, wengine watakuja kukaa mahali pao. Kuziba tundu na kufunga chakula ndiyo njia inayodumu. Ndiyo pia njia isiyomhatarisha mtoto wako na isiyomtesa mnyama. Na kwa familia iliyopanga hapa Marekani, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Hapa chini tunaeleza hatua kwa hatua.

PANYA SI USHAHIDI WA UCHAFU

Waliopita kambini, iwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka, wanawajua panya vizuri. Walitoboa mifuko ya mgao na kula unga usiku, na hakuna aliyemcheka jirani yake kwa hilo. Lakini hapa mtu anaona aibu, kwa sababu alidhani Marekani hakuna panya.

Panya wapo. Wamekuwa katika miji ya nchi hii tangu zamani. Yule panya mkubwa wa kahawia alifika kwa meli kutoka Ulaya katika karne ya 18. Katika jengo la apatimenti, panya wadogo hupita ndani ya kuta, wakifuata mabomba ya maji na nyaya za umeme kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Nyumba inayosafishwa kila siku inaweza kuwa nao kwa sababu tu inagusana ukuta na nyumba nyingine. Kwa hiyo ukiwaona, usifiche. Anayeficha huwapa muda wa kuzaana. Panya mdogo wa kike hubeba mimba wiki tatu tu, na watoto wake huweza kuzaa wakiwa na umri wa kama wiki sita.

Pia usipuuze. Mkojo na kinyesi chao huchafua chakula na vyombo. Meno yao hukata nyaya za umeme, na hilo linaweza kuleta moto. Vumbi lenye mkojo wa panya huzidisha pumu, hasa kwa watoto. Kuna pia magonjwa machache yanayotoka kwa panya. Si ya kila siku, lakini mama mjamzito asishughulike na kinyesi cha panya wala kusafisha kiota chao. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine.

WAJUE NI WA AINA GANI

Nyumbani utakutana na aina mbili, na Kiingereza kina majina mawili tofauti. Panya wadogo huitwa mice, na panya wakubwa huitwa rats. Ni vizuri kujua tofauti hiyo unapozungumza na meneja wa jengo, kwa sababu matibabu yake hayafanani.

Kinyesi cha panya mdogo ni kidogo kama punje ya mchele, chenye ncha. Kinyesi cha panya mkubwa ni kama mbegu ya maharage, kirefu zaidi ya sentimita moja. Panya mdogo ni mdadisi. Ukiweka kitu kipya, atakuja kukichungulia usiku uleule. Huwa haendi mbali na kiota chake, mara nyingi mita tatu hadi tisa tu. Ukiona kinyesi chini ya sinki, kiota kiko karibu, pengine nyuma ya jiko au ndani ya kabati lenye nguo zisizovaliwa. Panya mkubwa ni mwoga. Kitu kipya atakikwepa kwa siku kadhaa. Mara nyingi hukaa nje, chini ya ardhi, kwenye mtaro au karibu na mapipa ya taka, na huingia kutafuta chakula.

Chukua tochi usiku mmoja. Angalia chini ya sinki la jikoni na la bafuni, nyuma ya jiko, nyuma ya friji, kwenye chumba cha hita na cha mashine ya kufulia, na kando ya kuta. Popote utakapoona kinyesi au alama za meno, piga picha kwa simu kabla ya kusafisha. Picha hizo utazihitaji baadaye.

FUNGA CHAKULA

Familia zetu hununua chakula kwa wingi, na ni busara kufanya hivyo. Gunia la mchele, mfuko mkubwa wa unga, maharage, karanga, dagaa. Lakini gunia la nailoni au mfuko wa karatasi haumzuii panya hata dakika moja. Panya mdogo anashiba kwa gramu tatu hivi za chakula kwa siku, kiasi cha kijiko kidogo. Mchele uliomwagika chini ya kabati unatosha kulisha mmoja kwa siku nyingi.

Hamishia chakula kikavu kwenye vyombo vigumu vyenye mfuniko unaobana: ndoo za plastiki nene za kuhifadhia chakula, mitungi ya kioo, au makopo ya bati. Ndoo za galoni 5, kama lita 19, hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi; chagua zile zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa chakula. Mkate na matunda vikae ndani ya friji au ndani ya chombo chenye mfuniko.

Kisha, kabla ya kulala:

Funika au weka kwenye friji ugali na mboga vilivyobaki. Visilale juu ya jiko.

Futa mafuta juu ya jiko na kando yake. Vuta jiko mara moja kwa mwezi ufagie nyuma, kama sakafu haina kinyesi. Kama ina kinyesi, soma kwanza sehemu ya kusafisha hapa chini.

Toa taka nje kila jioni hadi kwenye pipa kubwa la jengo, na ufunge mfuniko wake. Mfuko wa taka usilale barazani.

Watoto wale mezani. Makombo ya biskuti kitandani na kwenye kochi ni chakula cha panya.

Punguza marundo. Maboksi ya nguo na vyombo mlivyopewa mlipofika, ambayo bado hayajafunguliwa, ndimo panya mama hupenda kuzalia. Weka vitu kwenye vyombo vya plastiki, viinuliwe kutoka sakafuni.

ZIBA TUNDU

Hapa ndipo kazi ilipo. Panya mdogo hupenya kwenye nafasi ya milimita 6, upana wa penseli. Kwa vipimo vya hapa ni robo inchi. Panya mkubwa hupita kwenye nafasi ya milimita 12 hivi, nusu inchi, upana wa kidole gumba chembamba. Kwa hiyo tundu ambalo wewe huliiti tundu, kwake ni mlango. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mahali pa kuangalia kwanza ni pale bomba la maji au la gesi linapoingia ukutani. Mafundi hukata tundu kubwa kuliko bomba, kisha huliacha wazi ndani ya kabati ambako hakuna anayechungulia. Angalia pia chini ya mlango wa nje. Ukiona mwanga wa mchana unapita, panya mdogo naye anapita.

Kwa tundu dogo, jaza waya laini wa chuma, ule wa kusugulia sufuria usio na sabuni, uusukume kwa nguvu, kisha pakaa silikoni ya kuzibia juu yake ili usitoke. Panya hapendi kutafuna chuma. Usijaze kitambaa, karatasi, sifongo wala povu la kuzibia peke yake. Vyote hivyo anavitafuna usiku mmoja. Chini ya mlango hufungwa ukanda wa mpira. Tundu kubwa huhitaji bati, wavu mgumu wa chuma au saruji, na hiyo ni kazi ya fundi wa jengo.

Tahadhari mbili. Usizibe matundu ya hewa ya hita wala bomba la kutoa moshi wa gesi, maana hewa yenye sumu inaweza kubaki ndani ya nyumba na kuua watu. Na usitoboe wala kubomoa ukuta uliopangishwa bila ruhusa. Kuziba tundu dogo chini ya sinki hakumdhuru mtu, lakini mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi kwamba umeliona na umeliziba.

MTEGO UPI, NA UPI HAPANA

Ukishafunga chakula na kuziba matundu, panya waliobaki ndani wanahitaji kutolewa. Sasa ndiyo zamu ya mtego. Ukiuweka kabla ya hapo, utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Mtego wa kunasa hai. Hiki ni kisanduku chenye mlango unaojifunga. Panya haumii, nawe unamtoa nje. Lakini mtego huu ni wa huruma kwa mtu anayeukagua tu. Panya aliyefungiwa hufa kwa kiu, baridi na hofu katika muda mfupi. Weka ndani chakula kidogo na kipande cha karatasi laini, na uukague asubuhi na jioni. Ukimnasa, mwachie karibu na jengo, kando ya ua au vichaka, baada ya kuhakikisha tundu limezibwa. Ukimpeleka mbali, mahali asipopajua, mara nyingi hufa, na baadhi ya majimbo yana sheria zinazokataza kuhamisha wanyama. Na katikati ya theluji, panya aliyezaliwa ndani ya nyumba hana uwezekano mkubwa wa kuishi nje. Ukweli huo lazima usemwe: wakati mwingine mtego wa kuua papo hapo una huruma zaidi.

Mtego wa kubana. Ni ule wa springi, wa mbao au plastiki. Mtego mzuri, uliowekwa vizuri, huua kwa sekunde chache. Nunua ule wa ukubwa unaofaa: mtego wa panya mdogo ukimbana panya mkubwa humjeruhi tu na kumwacha akihangaika. Weka chambo kidogo, ukubwa wa punje ya njegere. Siagi ya karanga inafaa kuliko jibini, maana panya hawezi kuichukua akakimbia nayo. Mtego ukae ukitazama ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hukimbia kando ya ukuta na si katikati ya chumba. Tega kadhaa, sita kwa mfano, kwa umbali wa mita mbili au tatu, kuliko kutega mmoja. Kwa panya mkubwa, weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku chache hadi aizoee, kisha uitege yote usiku mmoja. Iweke mahali ambapo mtoto hafiki, au nunua ile iliyo ndani ya kisanduku. Ikague kila asubuhi.

Mtego wa gundi. Tunaomba familia zisitumie huu. Ni wa bei nafuu na upo kila duka, lakini haumuui panya. Humshika hai. Hukaa saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi, akijivuta hadi ngozi inachubuka, akilia, akijikojolea kwa hofu, na mkojo huo ndio unaobeba vijidudu. Wales iliupiga marufuku mwaka 2023, na England iliuzuia kwa watu wa kawaida kuanzia Julai 2024. Hapa Marekani bado unauzwa. Fikiria pia mtoto anayeamka asubuhi na kumkuta mnyama amenata anampigia kelele. Wengi wa watoto wetu wameona mateso ya kutosha. Waislamu wamefundishwa kwamba hata pale kuua kunaporuhusiwa, kufanywe vizuri na bila kutesa. Wakristo nao wanajua kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama. Ukimkuta panya au ndege amenata, vaa glavu na umwagie mafuta ya kupikia taratibu, gundi itaachia.

Je, paka? Paka atakamata baadhi, na harufu yake huwatisha wengine, lakini hazibi tundu. Mikataba mingi ya kupanga hukataza wanyama au hudai malipo ya ziada, kwa hiyo soma mkataba kwanza. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa sauti ya kufukuza panya visikule fedha. Mwaka 2001 tume ya serikali ya biashara, FTC, iliziandikia barua za onyo kampuni zaidi ya 60 zinazotengeneza au kuuza vifaa hivyo, ikizitaka ziwe na ushahidi wa yale zinayoyadai.

SUMU: KWA NINI TUNASEMA HAPANA

Sumu inaonekana rahisi. Unaiweka, unalala, unasubiri. Tazama kinachotokea baada ya hapo.

Sumu nyingi za panya hufanya damu isigande. Panya aliyekula leo hafi leo. Huchukua siku kadhaa, akivuja damu ndani kwa ndani. Katika siku hizo anaendelea kutembea na kuchafua nyumba. Akifa, hufia ndani ya ukuta, na harufu hukaa wiki nyingi bila mtu kuweza kumtoa. Bundi, mwewe, paka au mbwa akimla, naye hupata sumu.

Hatari kubwa zaidi ni mtoto. Sumu nyingine ina rangi ya kijani au buluu na umbo la peremende, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu. Ndiyo sababu shirika la serikali la mazingira, EPA, linataka chambo cha sumu kinachouzwa kwa watu wa kawaida kiwe ndani ya kisanduku kigumu ambacho mtoto hawezi kukifungua.

Mbaya kuliko zote ni sumu isiyo na lebo: ile inayouzwa mkononi, sokoni, kwenye karatasi iliyokunjwa, au iliyoletwa ndani ya begi kutoka nyumbani. Baadhi ya sumu hizo ni dawa za shambani zenye nguvu ya kumuua mtu mzima, na ni haramu nchini hapa. Kama unayo, usiimwage kwenye sinki wala choo, na usiitupe kwenye taka za kawaida. Ifunge, iweke juu mbali na watoto, kisha utuulize wapi jiji lako linapokea sumu za nyumbani.

Mtoto akila sumu, au ukidhani amekula, piga simu 1-800-222-1222 mara moja. Ni namba ya kituo cha sumu, haina malipo, inafanya kazi saa 24, na unaweza kuomba mkalimani kwa kusema neno moja tu: Swahili. Usisubiri dalili, sumu ya kuzuia damu kuganda huchelewa kujionyesha. Usimlazimishe kutapika. Weka pakiti karibu ili uwasomee jina. Kama mtoto amezimia, anatetemeka au hapumui vizuri, piga 911 kwanza.

KUSAFISHA BILA KUTIMUA VUMBI

Kosa la kawaida ni kuchukua ufagio. Ukifagia kinyesi kikavu, au ukitumia mashine ya kuvuta vumbi, unarusha vijidudu hewani na kuvivuta kwa pua. Fanya hivi:

Fungua madirisha na milango, toka nje ya chumba kwa dakika 30. Watoto wasiwepo.

Vaa glavu za mpira au plastiki.

Changanya kipimo 1 cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile wengi tunaita jiki, na vipimo 9 vya maji. Changanya unapotaka kutumia, si jana yake. Usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa nyingine ya kusafishia. Hutoa hewa yenye sumu.

Nyunyizia kinyesi hadi kilowe kabisa. Subiri dakika 5.

Futa kwa taulo za karatasi, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye mfuko wa pili, peleka nje. Panya aliyekufa, pamoja na kiota chake, hufanyiwa vivyo hivyo.

Piga deki sakafu kwa dawa hiyohiyo. Osha glavu kabla ya kuzivua, kisha osha mikono kwa sabuni.

Chakula chochote chenye alama ya meno au kinyesi kitupwe, hata kama inauma. Panya akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda kwa daktari na umwambie ni panya.

MWENYE NYUMBA ANA WAJIBU

Karibu majimbo yote ya Marekani yanakubali kwamba anayepangisha nyumba ameahidi nyumba inayofaa kuishi watu, hata kama mkataba haukuandika hivyo. Kesi inayotajwa sana ni ya Javins, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., mwaka 1970. Nyumba iliyojaa panya si nyumba inayofaa kuishi. Katika majengo ya apatimenti, kuwadhibiti na kuziba kuta kwa kawaida ni gharama ya mwenye nyumba. Kama mmepanga nyumba nzima peke yenu, angalieni kipengele cha wadudu na panya katika mkataba, kwa sababu baadhi ya majimbo, Florida kwa mfano, hayamlazimishi mwenye nyumba ya namna hiyo moja kwa moja.

Toa taarifa kwa maandishi. Maneno ya kwenye ngazi husahaulika. Ujumbe wa simu, barua pepe au fomu ya matengenezo hubaki. Usimwachie mtoto kazi ya kukuzungumzia. Mhudumu wako wa kesi, yule wengi mnamwita keswoka, anaweza kukusaidia kuandika kwa Kiingereza. Ujumbe hauhitaji kuwa mrefu:

"Leo ni tarehe 4 Novemba. Sisi ni wapangaji wa apatimenti 3B. Tangu tarehe 1 Novemba tumeona kinyesi cha panya chini ya sinki la jikoni na nyuma ya jiko. Kuna tundu kuzunguka bomba. Tunaomba mzibe matundu na mtume mtaalamu wa kudhibiti panya. Tuna mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo tunaomba msitumie sumu wala mitego ya gundi ndani ya nyumba yetu. Tumeambatanisha picha. Tafadhali tujulisheni mtakuja lini."

Hifadhi nakala. Andika tarehe ya kila simu na kila anayekuja. Fundi akija na ubao wa gundi au sumu, una haki ya kuuliza anaweka nini na kuomba njia nyingine. Mwonyeshe matundu uliyoyaona. Wengi wao huja wakiwa na haraka, huweka mitego na kuondoka bila kuziba chochote.

Zungumza pia na majirani. Nyumba moja ikizibwa na ya pili ikabaki wazi, panya watazunguka tu. Ujumbe uliotiwa saini na wapangaji wanne una uzito kuliko wa mmoja.

ASIPOJIBU

Subiri siku chache, kisha tuma ujumbe wa pili ukitaja tarehe ya ule wa kwanza. Akinyamaza tena, piga simu jiji. Miji mingi mikubwa, kama Chicago, New York, Houston na Columbus, ina namba 311. Mingine ina ofisi ya kukagua nyumba, ambayo mara nyingi huitwa Code Enforcement, au idara ya afya ya kaunti. Omba mkalimani wa Kiswahili. Mkaguzi anaweza kuja, kuandika ripoti na kumpa mwenye nyumba muda wa kurekebisha. Namba 211 inaweza kukuelekeza kwenye msaada wa kisheria wa bure ulio karibu nawe.

Usiache kulipa kodi kwa sababu ya hasira. Majimbo mengine huruhusu mpangaji kuzuia kodi kwa utaratibu maalumu, mengine hayaruhusu, na anayekosea utaratibu anaweza kufikishwa mahakamani na kutolewa. Rekodi ya kutolewa hufuata familia kila inapotafuta nyumba nyingine. Zungumza na mwanasheria wa msaada wa bure kwanza.

Hofu tunayoisikia zaidi ni hii: nikilalamika, watanifukuza, na karatasi zangu zitaharibika. Majimbo mengi yanamkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi, kwa mfano kwa kukupandishia kodi au kukutoa kwa sababu tu uliita mkaguzi. Ujumbe wenye tarehe ndio ushahidi wako kwamba kisasi kilikuja baada ya malalamiko. Na fomu ya kuomba kadi ya kijani haina swali linalouliza kama uliwahi kumlalamikia mwenye nyumba. Kuomba nyumba isiyo na panya si kosa. Unailipia kodi kila mwezi.

Kama umesikia mkwaruzo usiku huu, fanya matatu kabla ya kulala: hamishia mchele kwenye ndoo yenye mfuniko, chungulia chini ya sinki kwa tochi, na piga picha ya tundu utakaloliona. Kesho leta picha hiyo ofisini kwetu, tukae pamoja tuandike ujumbe.